Hilo toleo jingine liko wapi?

Ukiwa na simu ya Android ya mwaka 2013 na ujaribu kuchukua programu kutoka Play Store, mara nyingi utaambiwa kwamba kifaa chako hakioani na toleo hili. Soma tena maneno mawili ya mwisho. Toleo hili. Duka halijasema simu yako haiwezi programu hiyo kabisa. Limesema haiwezi toleo hili. Basi lipo toleo jingine, ambalo juzi tu lilikuwa likifanya kazi vizuri kwenye simu kama yako, ila hakuna anayekuambia liko wapi.

Jambo hili limenikera kwa muda mrefu, na kwa kuwa riziki yangu ni kutengeneza programu za simu, leo nimeona niliandike nikiwa upande wa jikoni. Maana mtu asiye wa fani hii hudhani simu yake imekwisha, kama tairi linavyokwisha. Wajameni, mara nyingi simu haina kosa lolote. Kuna mtu ofisini, pengine Westlands, pengine California, alibadilisha nambari moja kwenye faili moja, akabonyeza kitufe, akaenda kula chakula cha mchana.

Acha nieleze nambari yenyewe. Kila programu ya Android hubeba ndani yake kitu kinachoitwa minSdkVersion, yaani kiwango cha chini cha Android ambacho programu inakubali. Android 4.4, iliyotoka mwaka 2013 kwa jina la KitKat, ni nambari 19. Android 5.0 ya mwaka 2014 ni nambari 21. Nikiandika 21, kila simu iliyo chini ya 5.0 itapata ule ujumbe. Sihitaji kuandika kitu kingine chochote.

Si kwamba tunapandisha kiwango kwa roho mbaya. Mara nyingi tunavutwa. Programu ya leo haijengwi na mtu mmoja kuanzia msingi hadi paa. Tunaazima vipande vilivyoandikwa na wengine, ndivyo tunavyoviita maktaba. Maktaba za AndroidX, zinazotoka Google kwenyewe na ambazo karibu kila mmoja wetu huzitumia, zilipandisha kiwango chao hadi 19 mwaka 2023, kisha hadi 21 mwaka 2024. OkHttp, ambayo wengi tunaitumia kuzungumza na seva, ilihamia Android 5.0 na kuendelea mapema mwaka 2019. Huduma za Google Play nazo ziliacha kupeleka masasisho kwenye KitKat mwezi Agosti 2023. Ukitaka maktaba mpya, unapanda nayo. Sina ugomvi na hilo. Simu ya mwaka 2013 ina memori kidogo na nguvu kidogo, na kulazimisha kila kitu kipya kiingie humo ni kuwatesa wenye simu za zamani na wenye simu mpya kwa pamoja.

Ugomvi wangu unaanza hatua inayofuata.

Unapopeleka toleo jipya Play Store, lile la zamani huondoka kwenye rafu. Halifutwi, angalia vizuri. Faili lake bado liko kwenye hifadhi ya Google, na kwenye ukurasa wa mtengenezaji utaliona limeorodheshwa miongoni mwa yale ambayo hayakujumuishwa. Ukilijumuisha kwa mkono, na ukihakikisha toleo jipya lina nambari kubwa zaidi kuliko lile, duka lenyewe litagawa: simu ya KitKat ipewe la zamani, simu ya kisasa ipewe jipya. Ni kazi ya dakika chache. Huhitaji kuandika msimbo wowote mpya. Tena kabla hujachapisha, Google hukuonya kwamba kuna aina kadhaa za simu ambazo hazitahudumiwa tena. Nimekaa na wenzangu wengi wakati onyo hilo likijitokeza. Husomwa kama tunavyosoma masharti ya matumizi: unatafuta kitufe cha kuendelea.

Sasa utauliza, kwani anaumia nani? Mwenye programu tayari kwenye simu yake haondolewi. Itaendelea kufunguka. Kweli kabisa, na ndiyo sababu tatizo hili halipigiwi kelele. Anayeumia ni yule ambaye simu yake imefutwa na kuanzishwa upya, au aliyeinunua ikiwa imetumika, au aliyerithi. Na hapa kwetu simu hurithiwa! Kijana wa Nairobi akipata simu mpya, ile ya zamani huwekwa kwenye bahasha ikapandishwa matatu hadi kwa mama yake kijijini, au kwa mdogo wake anayemaliza sekondari. Kabla ya kuituma, kijana anaifuta yote. Na afanye hivyo, maana ndani kuna picha zake, ujumbe wake na akaunti zake. Lakini kwa kuifuta amefuta pia nakala za mwisho za programu ambazo duka halitazitoa tena. Mama anapokea simu nzima, betri yake nzuri, kioo hakijapasuka, na haiingii chochote. Wiki ya pili anarudia kabambe yake.

Apple, ambao simu zao ni za wenye nacho, waliliona hili mapema. Tangu Septemba 2013 App Store humwambia mwenye iPhone ya zamani kwamba toleo la sasa halimfai, kisha humuuliza kama angependa toleo la mwisho linaloafikiana na simu yake. Hasa kama aliwahi kuichukua programu hiyo kwa akaunti yake, anaipata bila shida. Mtengenezaji anaweza kulizuia toleo fulani kama ana sababu, lakini asipofanya lolote, la zamani linabaki. Kwenye Android mambo ni kinyume: asipofanya lolote, la zamani linatoka. Tofauti yote iko hapo, kwenye kile kinachotokea mtengenezaji akiwa mvivu. Na sisi ni wavivu. Nashangaa kwamba mfumo uliobeba simu za bei nafuu duniani kote ndio uliochagua njia ya pili. Huawei IDEOS ilipouzwa Kenya mwaka 2011 kwa takriban dola 80, kwa watu wengi hiyo ndiyo ilikuwa Android yao ya kwanza. Ilikuwa na Android 2.2. Tangu tarehe 27 Septemba 2021, simu yenye Android 2.3.7 kurudi chini haiwezi hata kuingia kwenye akaunti ya Google, kwa hiyo hata rafu yenyewe haionekani.

Nitatoa mfano kutoka kazini. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa na programu ya wafugaji wa maziwa. Mfugaji anapeleka maziwa asubuhi, karani anapima, na mfugaji anaona lita zake kwenye simu siku hiyo hiyo. Haina mbwembwe. Ila mwisho wa mwezi, hizo lita ndizo hela. Kabla ya programu hiyo mfugaji alikuwa na kijitabu chake, karani ana chake, na vitabu hivyo viwili vilikuwa na tabia ya kutokubaliana kila ifikapo tarehe 30. Kwa hiyo tulipofika mahali pa kupandisha kiwango kutoka 19 hadi 21, niliomba toleo la zamani libaki dukani. Hakuna aliyepinga, ni vile tu hakuna aliyekuwa amefikiria. Likabaki. Mambo yakaenda vizuri karibu mwaka mzima.

Kisha timu ya seva ikafanya usafi. Seva huwa na milango ambayo programu hugonga ili kupata data, na mlango uliotumiwa na toleo la zamani ulionekana kama takataka: msimbo wa kale, aliyeuandika ameshahama. Wakaufunga. Toleo la zamani likaendelea kupatikana dukani, likaendelea kufunguka, na likaendelea kugonga mlango ambao haupo. Na kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kwa haraka zamani hizo, kila lilipokosa jibu lilionyesha maneno yale yale: hakuna mtandao. Mzee mmoja alipiga simu ofisini, nikapewa mimi nimsikilize. Akaniambia, "Kijana, nimeweka bando mara mbili wiki hii na bado mnaniambia sina mtandao. Mbona WhatsApp inaingia?"

Hilo swali lake lilikuwa na akili kuliko ripoti nyingi za hitilafu nilizowahi kusoma.

Tuliurudisha mlango. Badala ya kufufua msimbo wote wa kale, tuliandika kipande kidogo kinachokaa mbele ya seva mpya: kinapokea swali la kizamani, kinaligeuza liwe la kisasa, kinapata jibu, na kulirudisha kwa umbo ambalo toleo la zamani linalielewa. Kilitugharimu siku tatu hivi, pamoja na majaribio. Naeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wanaozungumzia matoleo ya zamani hupenda kuishia kwenye faili. Faili likiwepo wanaona kazi imekwisha. Lakini programu nyingi za leo ni dirisha tu. Nyumba yenyewe iko kwenye seva. Ukihifadhi dirisha ukabomoa nyumba, umehifadhi nini?

Kuna kifo kingine cha kimya zaidi, nacho ni vyeti. Kila simu hutoka kiwandani na orodha ya mashirika inayoyaamini kuthibitisha kwamba seva fulani ndiyo yenyewe. Orodha hiyo kwenye Android ya zamani hukaa ndani ya mfumo wa simu, na simu isiyopata masasisho ya mfumo hubaki na orodha ile ile ya siku ilipotengenezwa. Novemba 2020, Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti, lilitangaza kwamba cheti chake kipya cha mzizi hakitambuliki kwenye Android iliyo chini ya 7.1.1, na kwamba wakati huo simu za Android zilizo chini ya 7.1 zilikuwa asilimia 33.8. Theluthi moja! Zisizo na hitilafu yoyote, ila orodha yao imepitwa. Cheti cha kale kilichokuwa kikiwabeba kilikuwa kinaisha tarehe 30 Septemba 2021. Baadaye ilipatikana njia ya kuahirisha, kwa kutumia jambo la kuchekesha kidogo: Android ya zamani haikagui tarehe ya mwisho ya cheti cha mzizi kilichomo kwenye orodha yake. Shirika lenye kile cheti cha kale likakubali kutia saini juu ya kile kipya, na simu zikavushwa hadi Septemba 2024.

Wakati huo ushauri wa Let's Encrypt kwa wenye simu hizo ulikuwa watumie Firefox, kwa sababu Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti na haitegemei ile ya simu. Hapo ndipo penye somo kwa sisi waundaji. Kama unajua toleo hili ndilo la mwisho kwa simu za KitKat, usiliache tu lilivyo kwa bahati ya siku uliyobadilisha nambari. Liandae kama mtu anayesafiri na hatarudi karibuni. Litie vyeti vyake ndani. Liwezeshe kutumia TLS 1.2, ambayo Android 4.1 hadi 4.4 inaijua lakini haiiwashi yenyewe. Ondoa lile dirisha la kumlazimisha mtu asasishe, maana utakuwa unamlazimisha apande ngazi ambayo umeiondoa. Toa vitu vinavyotegemea huduma za Google Play kama vinaweza kutoka. Na yale maneno ya hitilafu yaandike yawe ya kweli: kama seva imekataa, sema seva imekataa, usimtume mzee wa watu kununua bando.

Watu wa OkHttp walifanya karibu hivyo hivyo. Walipohamia Android 5.0, hawakuwatupa waliobaki nyuma. Walitunza tawi la 3.12, linalofika hadi Android 2.3, wakisema wazi kwamba mifumo hiyo haina usalama wa kutosha na haifai kutumika, lakini kwa kuwa kuhama ni kugumu wataendelea kurekebisha kasoro kubwa hadi tarehe 31 Desemba 2021. Napenda sana namna hiyo ya kusema. Hawakudanganya kwamba simu ya zamani ni salama. Hawakumtukana anayeitumia. Wakataja tarehe.

Na tusifikiri ni mambo ya Wazungu tu. M-PESA ilianza Machi 2007 kwenye menyu ya laini ya simu, menyu ile ya kijivu isiyo na picha hata moja. Leo kuna programu yake ya simu za kisasa, ina rangi na ina kila kitu. Lakini menyu ya laini haikuondolewa, na ukibonyeza *334# kwenye simu yoyote, hata mulika mwizi, unahudumiwa. Ukitazama kwa jicho la mtengenezaji, hilo ni toleo la zamani ambalo limeachwa rafuni na mlango wake kwenye seva umeachwa wazi. Hakuna anayeliita hivyo, lakini ndivyo lilivyo. Sidhani kuna Mkenya anayeamini kwamba M-PESA ingekuwa ilivyo leo kama ingedai Android 8.

Haya, tuje kwenye pingamizi, maana zipo na nyingine ni nzito.

Ile nyepesi kwanza: wenye simu hizo ni asilimia moja tu. Google waliposimamisha masasisho ya KitKat mwaka 2023 walieleza kwamba simu zinazoitumia zimeshuka chini ya asilimia 1. Sawa. Lakini Mei 2021 Google hao hao walitangaza kwamba vifaa vya Android vinavyotumika vimepita bilioni 3. Asilimia 1 ya hapo ni milioni 30. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Hata idadi halisi ikiwa nusu ya hiyo milioni 30, si watu wa kufagia kwa kitufe. Tena asilimia hiyo haijagawanywa sawasawa duniani; iko kwa wingi pale ambapo simu hurithiwa. Na kuna mtego kwenye takwimu zako mwenyewe: mtu asiyeweza kuingiza programu yako haonekani kwenye hesabu ya watumiaji wako. Ukifunga mlango leo, baada ya miezi sita utaangalia chati na kusema, mnaona, hakuna mtu wa KitKat. Watakuwepo vipi?

Nzito ni ya usalama. Toleo la zamani lina matundu yanayojulikana, na simu yenyewe ina matundu. Heartbleed ya mwaka 2014, kwa mfano, iligusa Android 4.1.1 moja kwa moja. Hapa sibishani kwa jumla, naomba tu tutenganishe. Signal hufanya matoleo yake yaishe baada ya siku 90 hivi, na wana haki, maana kwenye mazungumzo ya siri udhaifu wa simu yako ni udhaifu wangu pia. WhatsApp wamekuwa wakiacha mifumo kwa zamu: Nokia S40 tarehe 31 Desemba 2018, Windows Phone tarehe 31 Desemba 2019, Android 2.3.7 tarehe 1 Februari 2020, na zilizo chini ya Android 5.0 tarehe 24 Oktoba 2023. Siku ya S40 iliwauma wengi hapa, maana Nokia Asha zilipendwa. Lakini tarehe hizo zilitangazwa mapema, na zile S40 zilikuwa zimebebwa kwa miaka. Programu ya benki nayo ikitaka kufunga, ifunge, mradi imwachie mteja njia ya USSD.

Sasa niambie kamusi ina siri gani. Programu ya kupiga hesabu za chama? Ya nyakati za swala? Ya maswali ya mitihani iliyopita? Ya kuangalia lita za maziwa? Nyingi ya programu zinazoondolewa kwenye simu za zamani ni za aina hii, na zinapoondolewa hoja ya usalama hutajwa kwa sababu inasikika vizuri mkutanini, wala si kwa sababu kuna mtu aliyekaa akapima hatari. (Mkutanini neno usalama hufunga mjadala. Jaribu siku moja uone.)

Halafu hoja hiyo ya usalama husahau mahali watu wanapokwenda duka likiwakatalia. Nenda Luthuli Avenue. Kuna fundi pale nimemzoea, ana memori kadi yenye APK za miaka na miaka: WhatsApp za zamani, Facebook za zamani, michezo, keibodi, kila kitu. Nilimuuliza, "Fundi, hizi umezitoa wapi?" Akacheka. "Hii alileta jamaa mmoja, hii ilikuwa kwenye simu ya mteja, hii sikumbuki, mkubwa." Hana nia mbaya, anasaidia watu. Lakini hana njia ya kujua ni faili gani limechezewa. Agosti 2021 Kaspersky walieleza jinsi toleo moja la FMWhatsApp, ambayo ni WhatsApp iliyogeuzwa na watu wasio wenyewe, lilivyokutwa na kirusi cha Triada ndani yake, chenye uwezo wa kumwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Wanaoziweka hizo si wajinga. Wengi walitaka kitu ambacho njia halali haikuwapa. Ukimnyima mtu toleo lako la zamani ulilotia saini mwenyewe, hujamzuia kutumia toleo la zamani. Umemzuia kutumia lako.

Gharama ipo, sikatai. Mlango wa ziada kwenye seva ni msimbo wa kutunza, na kila kinachotunzwa huharibika. Lakini katika kazi niliyoieleza gharama hiyo ilikuwa siku tatu, na baada ya hapo saa chache kwa mwaka. Nimeona timu zikitumia muda mrefu kuliko huo kubishana juu ya rangi ya kitufe.

Kwa wewe msomaji ambaye hutengenezi programu ila una simu ya zamani droo, au uko karibu kuituma nyumbani, haya ndiyo unayoweza kufanya leo. Usiifute kabla hujatoa nakala za programu ambazo anayeipokea atazihitaji. Zipo programu ndogo za kutoa faili la APK kutoka kwa programu iliyomo kwenye simu, na kwa simu zilizo chini ya Android 5.0 una bahati, maana Play Store huzipa faili moja zima, kuanzia 5.0 programu nyingi huja vipande vipande na kuzihamisha kuna kazi zaidi. Kwa programu huria, tazama F-Droid kwanza: hubakiza matoleo kadhaa ya kila programu, na ya zamani zaidi huyapeleka kwenye hifadhi yake ya kumbukumbu, ambayo unaiwasha mwenyewe kwenye mipangilio. Watu wa VLC huacha matoleo yao ya miaka iliyopita kwenye seva yao wenyewe, yakiwemo ya Android, kila mtu achukue. Kama huna budi kutafuta kwingine, APKMirror hulinganisha saini ya kila faili na saini za matoleo yaliyotangulia kabla ya kuliweka. Hiyo haizibi matundu ya toleo la zamani, lakini angalau unajua limetoka kwa mwenyewe.

Na kama programu unayoitaka haipo kokote, mwandikie mtengenezaji. Barua pepe yake iko chini ya ukurasa wa programu pale Play Store, na ukitumia kompyuta utaiona hata kama simu yako imekataliwa. Mtajie aina ya simu na nambari ya Android, umwombe alijumuishe toleo la mwisho lililokuwa likikubali simu hiyo. Barua kama hizo ni chache mno, na ikiingia moja tunaisoma.